Ufunguo wa Akiba Kwenye Upindo wa Koti

Chumba cha Ushonaji,
Nyuma ya duka la vitasa na bawaba,
Ghorofa ya kwanza, mlango wa kijani.

Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa Kidoti, binti yangu,

Hujambo mama? Mkwe wangu hajambo? Na yule bwana mdogo wa meno mawili, ameongeza la tatu au bado anatutania? Kikohozi chako kimeisha? Juzi uliniambia kimeisha, lakini nikakusikia umeweka simu mbali ukakohoa. Mimi nimekuzaa, hutanificha kikohozi. Vaa soksi. Kunywa maji ya moto asubuhi kabla hujafungua dirisha.

Mimi ni mzima. Mgongo unauma kidogo kwa kuinamia cherehani, ila ni ule ule uujuao, hakuna jipya. Goti la kushoto limenisamehe tangu niliposogeza kiti karibu na kanyagio kama ulivyonielekeza. Baba yako mdogo hajambo, bado anabishana na redio. Shangazi yako kabadilisha miwani na sasa anaona hata yasiyomhusu.

Barua hii atakuletea mjomba wako dereva, anasema mzigo wake safari hii unafika mpaka huko kwenu. Usishangae kuona karatasi, na tumezoea simu. Usishtuke pia, hakuna aliyekufa wala aliyelazwa. Nimeandika kwa sababu nina jambo la kukiri, na kwenye simu ungenikatiza, mimi ningelia, wewe ungelia, halafu mtoto naye angeamka akalia. Karatasi hainikatizi. Utanisamehe mwandiko, shule yangu unaijua ilipoishia.

Mwanangu, zile siku kumi na moja ulizokuwa ukinitafuta kwa ujumbe hupati jibu, ukampigia Bi Pasi, mwenzangu wa hapa anayepiga pasi, nikasema kwenye simu yake kwamba yangu ina shida ya chaji, nilikudanganya. Simu ilikuwa imekufa kabisa. Na funguo zako mbili nilikuwa nimezipoteza. Zote mbili.

Usirushe barua kwanza. Soma.

Unakumbuka wewe mwenyewe tulivyofika hapo. Mwaka jana nilipotumiwa ule ujumbe wa uongo nikatoa neno la siri na zile namba sita zilizoingia kwenye simu, mwizi akaingia kwenye akaunti yangu akakaa kama kwake. Akakuandikia wewe kwa jina langu na picha yangu, ile ya kitambaa cha maua, kwamba niko hospitali natakiwa kupasuliwa. Ukahangaika siku mbili huko ugenini unalia, na mimi huku nashona mapazia sina habari. Akaunti tulirudishiwa. Lakini kuna kitu hakikurudi. Kila nilipokuandikia, hata neno moja tu, umelalaje, ulinijibu kwanza kwa swali: Paka wetu wa zamani alikuwa na mguu gani mweupe? Nami najibu, wa mbele kulia. Kesho tena: Alikuwa analala wapi? Kwenye kapu la vitambaa.

Sikukulaumu. Ulikuwa na haki. Lakini ngoja leo nikwambie, kila nilipojibu niliona kama nimesimama mlangoni kwa mwanangu nikionyesha kitambulisho. Mama mzima, wa kuulizwa paka.

Ndiyo maana ulipotuma zile funguo nilifurahi kuliko unavyodhani. Nilizitegemea ziwe kubwa, kumbe kitu chembamba kama kibanio cha nywele, na duara dogo la dhahabu la kugusa kwa kidole. Unakumbuka siku ile kwa Fundi Miwani, yule wa simu hapo chini? Wewe kwenye spika, yeye anachomeka kwenye tundu la chaji, mimi nagusa duara, kijitaa cha kijani kinapepesa. Ukazitambulisha zote mbili kwenye akaunti, ukafunga milango mingine yote, hata ule wa namba sita. Ukasema, mama, kuanzia sasa simu yoyote mpya haitaingia humo bila ufunguo huu, awe mwizi awe nani. Kesho yake nikakuandikia umelalaje. Ukajibu: Nimelala vizuri mama. Basi. Hukuuliza paka. Niliweka mkasi chini nikatoka kwenye ngazi nikakaa peke yangu kidogo.

Sasa sikia ujinga wangu.

Ulisema mmoja wa kutumia, mwingine wa akiba, nizitunze. Ukasema pia ule wa akiba ukae mbali na mwenzake. Hilo la mbali lilipita sikio moja likatoka la pili, kwa sababu neno akiba mimi nalijua toka ujana wangu. Shati likitoka mikononi mwangu huwa na kishikizo cha akiba, nimekishona kwa ndani chini ya tumbo, ili kimoja kikidondoka mwenye shati asihangaike, akiba anayo humo humo alimovaa. Miaka thelathini na moja nafanya hivyo. Basi nikafumua upindo wa koti langu la kazi, lile la bluu, nikatengeneza vifuko viwili vidogo vya bitana, nikashona ufunguo na ufunguo wa akiba bega kwa bega, nikafunga kwa uzi wa bluu usioonekana. Nikajipongeza. Nikasema mwizi wa kuzipata hizi labda anivue nguo.

Na kweli, nilivuliwa.

Matroni wa ile hospitali ndogo ya mtaa wa pili alikuja kuleta shuka za kupindwa, akaliona koti langu akalipenda. Akasema nishonee kama hilo hilo, kitambaa hicho hicho, mifuko hiyo hiyo, ishirini na nne, kwa wahudumu wangu wa usafi. Tukashona wiki tatu. Siku ya kukabidhi, koti langu nilikuwa nimelimwagia mafuta ya cherehani, Bi Pasi akaniambia vua nikufulie. Akafua, akaanika, akapiga pasi, akakunja. Na wewe unamjua Bi Pasi, kitu cha bluu kikikunjwa vizuri kinaenda na vingine vya bluu. Alikuja mbeba mizigo akachukua yote.

Sikujua. Nilidhani koti bado limeloweka. Siku ya pili yake simu ikaniponyoka ikatumbukia kwenye ndoo ya maji ya kunyunyizia nguo za pasi. Fundi Miwani aliifungua, akaipuliza, akaitazama kama daktari anayetafuta maneno ya kuwaambia ndugu. Nikanunua nyingine ya kawaida. Akaiwasha, akaandika jina langu, neno la siri nikaandika mwenyewe kwa kidole changu, kikatokea kimchoro cha ufunguo. Fundi akasema, haya mama, ufunguo.

Nikacheka kwa maringo. Nikamwambia, huo ninao, niko nao kila saa, uko kwenye koti. Nikashika upindo. Nikakuta nimevaa kanga.

Mwanangu, tulipekua. Kapu la viraka, chini ya meza ya kukatia, kwenye mabomba, kwenye kamba za jirani. Bi Pasi akaapa koti alilifua na kulikunja, akalia akidhani namwita mwizi. Nikalia kwa kumliza. Tukafika kudhani limeanuliwa kwenye kamba na mpita njia. Fundi Miwani nikamuuliza, hakuna njia ya uani? Akasema, mama, binti yako alizifunga zote vizuri sana, hata wewe huwezi kujiibia. Alidhani atanichekesha. Nikauliza nikifungua akaunti mpya je? Akasema inawezekana dakika kumi tu.

Dakika kumi, ndiyo. Lakini ningekuandikia kutoka akaunti mpya niseme nini? Ni mimi mama, nimebadilisha simu, ile ya zamani imekufa. Si ndiyo maneno yale yale wanayoandika wezi? Ungeniuliza paka tena. Na safari hii ungekuwa unauliza mpaka mwisho wa maisha yangu. Hiyo ndiyo hofu iliyonifunga mdomo siku zote hizo, kuliko hata picha za kazi na sauti za mjukuu zilizomo humo. Niliona nitakuwa mgeni kwako mara ya pili.

Siku ya nane matroni akaja. Akasimama mlangoni anatabasamu, akasema amekuja kushukuru kwa lile koti la nyongeza, mafundi wengine hupunguza, sisi tumezidisha. Bi Pasi alikuwa na pasi mkononi. Aliiweka chini taratibu kabisa. Akaniangalia. Nikamwangalia. Ndiyo maana hakuna aliyelalamika siku zote hizo, nani atalalamika kwa kuzidishiwa?

Kesho yake asubuhi nilikuwa hospitali na Bi Pasi kabla lango halijafunguliwa. Ukumbi mrefu, harufu ya dawa ya sakafu, watu wa bluu kila upande na ndoo zao. Makoti yote yamefuliwa pamoja mara mbili, yamegawanywa upya, hakuna ajuaye lipi lilitoka wapi. Nikaona haya dakika moja, ya pili nikaanza. Nainama, nashika upindo, napapasa, nasogea kwa mwingine. Mama mmoja mnene mwenye fagio akaruka.

"We dada! Unanipapasa nini?"

"Upindo tu, samahani. Nakagua kazi yangu."

"Kazi ya kukagua asubuhi hii? Mtu hajanywa hata chai?"

Bi Pasi nyuma yangu akasema, "Mwache ndugu yangu, leo usipopapaswa wewe atapapasa ukuta."

Wakacheka. Kufika wa kumi na mbili walikuwa wamepanga foleni wenyewe, wananishikia mapindo, wananiuliza kama na miguu naikagua. Wa kumi na sita sina kitu, wa kumi na tisa sina kitu. Natabasamu lakini machozi yananilenga. Mwisho wakasema amebaki mmoja yuko huko wodi ya mwisho, yule Mnyoofu. Nikauliza kwa nini mnamwita hivyo. Wakasema, we hujamwona koti lake linavyotulia? Letu linapeperuka, lake limenyooka kama pazia la ofisini.

Nilikimbia, Kidoti. Na goti hili hili.

Nilimkuta mwanamke mwembamba anafuta madirisha. Nikamshika upindo kabla ya salamu. Funguo zilikuwa humo, zote mbili, bega kwa bega. Nikakaa chini sakafuni alipokuwa ameshapiga deki.

Yeye akasema, "Ah, mama fundi, hivyo vyuma? Nilijua umeniwekea kusudi, vya kutuliza upindo. Nikawaambia wenzangu, fundi kanipenda. Mbona unalia? Unavitoa?"

Nikamwambia nitakurudishia vingine. Na nilimrudishia, mama. Nimemshonea vibati viwili vya uzito, vile vya kutuliza pazia, kimoja kila upande, anazidi kujidai. Matroni alipata koti la nyongeza la kweli, langu nikarudi nalo mkononi.

Fundi Miwani aliziacha funguo zikauke juani siku nzima, maana zilikuwa zimefuliwa mara tatu na kupigwa pasi pembeni. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Akachomeka. Nikagusa. Kijitaa kikapepesa kijani. Akachomeka na ule wa akiba, nao ukapepesa. Sauti ya mjukuu wangu ikatoka humo, ile ya kicheko cha kuoga, na wewe nyuma unasema mwambie bibi hujambo. Bi Pasi alipiga kigelegele mpaka wa duka la vitasa akapanda juu kuuliza nani anaolewa.

Ndiyo ile siku niliyokuandikia kwamba chaji imepona.

Sasa subiri, bado hujasikia zuri lenyewe. Jumanne iliyopita ukaja ujumbe: akaunti yako itafungwa leo, bonyeza hapa. Rangi zile zile, alama ile ile. Na mimi nimetoka kwenye mateso ya siku kumi na moja, neno kufungwa silitaki hata kulisikia. Nilibonyeza. Ndiyo, nilibonyeza, nimeshasema barua hii ni ya kukiri. Nikaandika neno la siri. Ukurasa ukasema niweke namba sita. Nikasema kwa sauti, peke yangu humo chumbani, mimi siku hizi sina namba, nina ufunguo. Nikauchomeka. Nikagusa duara. Kimya. Nikagusa tena, nikaupangusa kwa kanga, nikauchomeka upya. Hata kupepesa, hakuna.

Nilidhani maji yameuua baada ya yote. Nikashuka kwa Fundi Miwani mbio huku namlaumu kwamba hakuukausha vizuri. Akatazama simu, akanitazama mimi. Akasema, "Mama, ufunguo ni mzima. Mlango ndio si wako. Huu unatambua anwani ile ya ukurasa uliyotambulishwa siku ya kwanza, hii imefanana kwa rangi tu. Mimi na wewe tunadanganyika kwa macho. Huu hauna macho."

Tukabadilisha neno la siri pale pale. Na kumbe mwizi alishalijaribu lile la zamani, kwenye akaunti kulikuwa na taarifa kwamba kuna mtu alitaka kuingia akakosa ufunguo. Nilimfikiria huyo mtu, ameketi mahali na neno langu mkononi, kama mtu aliyeiba kitasa akabaki nacho hana mlango. Nilicheka peke yangu ngazi yote.

Mwaka jana siku kama ile ingekwisha na wewe unalia. Mwaka huu imekwisha na mimi nimerudi kumalizia kola za mashati. Sikutegemea kitu kisichozidi kidole kingenisimamia wakati mimi mwenyewe nimeshakosea. Nimekosea, nikashikwa mkono. Sikujua kuna msaada wa namna hiyo kwa watu kama mimi, nilidhani mambo haya ni ya waliosoma, na asiyesoma kazi yake ni kuibiwa na kuomba radhi.

Bi Pasi naye anataka ufunguo wa kwake. Nimemwahidi nitakuuliza. Nilimwambia ajue kabisa kwamba funguo ni mbili, na wa pili haukai naye. Akauliza utakaa wapi. Nikamwambia kwa mtu unayemwamini akuingize kwako hata ukisahau wewe ni nani.

Kwa hiyo, mjomba wako atakukabidhi pia kifurushi. Humo kuna gauni la kijani. Nimelikata kwa kukumbuka, sikuwa na vipimo vyako vipya, lakini nimeacha kitambaa cha kutosha kwenye mishono ya pembeni, ukiwa umenenepa lifumue, na ukiwa umekonda usiniambie, kula. Ndani chini ya tumbo utakuta kishikizo cha akiba. Hicho kiache hapo hapo, hapo ndipo mahali pake.

Halafu pindua upindo wa nyuma upande wa kushoto. Utaona sentimita tano nimeshona kwa uzi mwekundu, kwa mkono, kusudi usitumie mkasi. Vuta uzi, utafunguka wenyewe. Huo ndio ufunguo wangu wa akiba. Nimeuleta mbali, kama ulivyosema, tena mbali kuliko ulivyodhani. Mmoja ninao mimi, mwingine unao wewe. Nikipoteza huu wangu siku moja, na unajua nitapoteza, sitahangaika na mapindo ya watu, nitakuambia tu.

Nisalimie mkwe wangu, mwambie suruali zake mbili ziko tayari. Mbusu yule wa meno mawili kwenye kidevu. Baba yako mdogo anakusalimia, na redio yake. Shangazi yako anasema ameona picha yako na umepungua, nimemwambia ni miwani. Bi Pasi anakusalimia sana na anaomba radhi, ingawa mimi nilishamsamehe kabla ya matroni kushuka ngazi. Fundi Miwani anasema hongera kwa kufunga vizuri.

Mungu awalinde ninyi watatu, mlale bila kushtuka, na kila anayegonga mlangoni kwenu awe ni yule anayesema kuwa ndiye.

Na wewe mwanangu, nina ombi moja. Ukiona ujumbe wangu, usiache kuniuliza habari za paka. Siku hizi hakuna anayeniuliza. Ila uniulize kwa sababu umemkumbuka.

Mguu wa mbele, kulia.

Ni mimi, mama yako akupendaye,

Mama Kidoti